Austin K2, Chevrolet ya jeshi au Mercedes LF 8: uchukue gari gani la zimamoto la enzi za vita?

Ndugu wawili watatu wa huku Uingereza na mwingine yuko Ujerumani wameniuliza swali moja mwaka huu, wanataka kununua gari la zimamoto la enzi za Vita vya Pili vya Dunia, walitunze na waliendeshe kabisa barabarani, sio la kupigia picha tu, sasa wachukue lipi. Nimewajibu kwa simu vipande vipande mpaka nimeona bora niandike yote sehemu moja.

Mi ni mtu wa Tanga, nimekulia gereji, huku naendesha malori, na ni miaka kadhaa sasa nipo kwenye kikundi cha watu sita tunaotunza Austin K2 moja na pampu yake. Hizo nyingine nimeendesha za wenzetu au nimeshinda chini yake na spana. Kwa hiyo mapenzi yangu yapo kwa K2 na nasema mapema ili ujue unasoma maneno ya nani.

Kabla ya yote shika hili moja: gari la zimamoto ni mashine mbili, kuna lori na kuna pampu, na watu wengi wananunua lori. Wanafungua boneti, wanasikiliza injini, wanakagua tairi, wanatoa hela. Pampu wanaikumbuka siku ya maonyesho ya kwanza, watoto wamejipanga wanasubiri maji na maji hayatoki. Injini ya miaka ya 40 fundi yeyote mzuri anaiweza, pointi ni pointi, kabureta ni kabureta, lakini pampu iliyopasuka kwa baridi kwa sababu mtu hakumwaga maji yaliyobaki ndani kabla ya barafu kuanza, hiyo inaweza kukukalisha miaka miwili unatafuta nyingine. Kwa hiyo mi nachagua gari kwa pampu kwanza, bodi ya pili, lori la tatu.

Magari yenyewe

Austin K2 ya zimamoto kwa kweli haikuwa ya jeshi, ilikuwa ya serikali kwa ajili ya ulinzi wa raia, ila ilizaliwa na vita ileile. Mwaka 1938 Uingereza ilianzisha Auxiliary Fire Service, AFS, watu wa kawaida, makarani, mafundi, madereva, wakafundishwa kuzima moto wa mabomu. Pampu zilitengenezwa nyingi sana, za kuvutwa kwa trela, lakini magari ya kuzivuta hayakutosha mpaka London ikakodi taksi zaidi ya 2,000 kuvuta pampu. Ndipo ikaja K2, lori la daraja la tani 2, injini ya petroli ya silinda 6, lita 3.46, nguvu farasi 60 hivi, nyuma lina bodi ya bati lenye paa imara la kuwakinga watu na vitu vinavyodondoka, mabenchi ya kukaa, hozi ndani na ngazi juu. Lenyewe halina pampu tumboni, pampu yake iko kwenye trela, na hapo ndipo uzuri wake na usumbufu wake ulipo, nitarudi.

Chevrolet ninayoizungumzia ni ile ya jeshi la Marekani ya tani 1.5 yenye 4x4, wenye kuzijua wanaiita G506 kwa namba yake ya jeshi. Hiyo ilitumika kwa kazi nyingi na mojawapo ni gari la zimamoto la viwanja vya ndege, lina tangi la maji na pampu juu ya chasisi ileile. Injini silinda 6, inchi za ujazo 235, karibu lita 3.9. Kaka yake mkubwa ni GMC CCKW ya tani 2.5, ekseli tatu zote zinavuta, ile iliyotengenezwa zaidi ya laki tano, nayo ilifungwa mitambo ya zimamoto.

Mercedes LF 8 ni gari la Wajerumani juu ya chasisi ya L1500S, hiyo 1500 ni kilo za mzigo. Silinda 6, lita 2.6, farasi 60. Linabeba watu 9, yaani kikosi kizima cha kuzima moto kwa hesabu ya Kijerumani, milango minne, na nyuma linavuta trela yenye pampu ndogo ya kubebeka inaitwa TS 8, 8 kwa maana ya lita 800 kwa dakika.

Pampu na hozi

Hapa ndipo utofauti mkubwa ulipo.

Pampu za trela za Uingereza zilitengenezwa na makampuni tofauti, Coventry Climax, Dennis, Sulzer na wengine, na ukubwa tofauti, ile kubwa inatoa galoni 350 mpaka 500 kwa dakika, galoni ya Kiingereza ni lita 4.5 kwa hiyo piga hesabu mwenyewe, ni maji mengi kweli kwa kitu kinachovutwa na kigari kile. Uzuri wa pampu ya trela ni kwamba ina injini yake, unaweza kuitengeneza peke yake ndani ya banda wakati lori liko kwa fundi bodi, na likiharibika lori pampu inaenda maonyesho nyuma ya gari la mtu mwingine. Ubaya wake, una injini mbili za kutunza, radieta mbili, kabureta mbili, betri, kila kitu mara mbili, na pampu nyingi zilitenganishwa na magari yake zamani sana, kwa hiyo ukikuta K2 inauzwa bila pampu usidhani utaipata wiki ijayo.

Halafu viungio vya hozi, hapa naomba usome taratibu. Kabla ya 1941 miji ya Uingereza kila mmoja ulikuwa na zimamoto yake na viungio vyake, mji wa jirani ukija kusaidia hozi zao hazishiki kwenye mabomba yenu, na watu walisimama na maji yao mkononi wakiangalia nyumba zinaungua. Hiyo ni sababu mojawapo kubwa Agosti 1941 serikali ikaziunganisha zote kuwa National Fire Service, NFS, na viungio vikawa vya aina moja, ile ya inchi 2.5 ya kusukuma tu na kujibana. Kiungio hicho ndicho zimamoto za Uingereza zinatumia mpaka leo. Maana yake kwako wewe mtunzaji: hozi mpya ya kisasa unaichomeka kwenye pampu ya vita bila adapta. Ile ya kitani ya zamani unaitundika kwa ajili ya kuonyesha, maji unapitisha kwenye mpya.

Wajerumani nao wako vizuri hapa, pengine vizuri kuliko wote. Viungio vyao ni vya Storz, ile ya kuzungusha robo, pande zote mbili zinafanana hakuna dume wala jike, milimita 52 na milimita 75, na mpaka leo kijiji chochote Ujerumani kina hozi hizohizo. Nimeshaona LF 8 ikipeleka maji na kikosi cha kijiji cha leo, gari jipya na gari la 1943 kwenye mstari mmoja, hakuna aliyetafuta adapta. Pampu yao TS 8 mara nyingi ina injini ya DKW ya kuchanganya oili na petroli kama pikipiki za zamani, ina kelele na moshi, ila ni nyepesi, watu wanne wanaibeba mpaka mtoni. Ukipata ambayo haijashika ndani utaipenda.

Mmarekani ndio mwenye kukupa shida ukiwa Ulaya. Viungio vyake ni vya kukaza kwa nyuzi, na nyuzi zenyewe haziingiliani na chochote cha huku, lazima adapta, ununue au uchongeshe. Na kama pampu yake inakula nguvu ya injini ya lori lenyewe, lori likilala pampu nayo imelala. Yale ya viwanja vya ndege mengi yalikuwa na pampu za presha kubwa za kutoa maji kama ukungu, kitu kizuri sana kukiona kikifanya kazi, lakini valvu na pakingi zake za kuzuia kuvuja sio za kubahatisha. Angalia tangi pia, tena kwa tochi, kwa ndani. Tangi la chuma lililokaa na maji miaka mingi nje linang'aa kwa rangi mpya ndani ni kama biskuti. Na kama gari lilibeba povu kagua mabomba yote, povu la enzi hizo lilitengenezwa kwa kwato na pembe za wanyama, likikaa kwenye bomba linaganda na kunuka mpaka ulikwangue.

Kwa pampu basi, mi nampa Mjerumani namba moja kwa urahisi wa kutumia, Muingereza anafuata karibu sana na kwa wingi wa maji anamshinda, Mmarekani wa tatu kama unaishi Ulaya. Ukiwa Marekani au Kanada hesabu inageuka, kule nyuzi zake ndio za kawaida.

Bodi na spea

Kwa spea Chevrolet anaongoza kwa mbali. Injini ile ya silinda 6 ilitengenezwa miaka mingi kwa malori na magari ya raia, gasketi, pointi, pampu ya maji, breki, vipo na vinatumwa kwa posta. Tairi za 7.50-20 zenye kashata za jeshi zinatengenezwa mpaka leo. Mtu anayeanza, hajui amwulize nani, Chevrolet haitamwacha amekaa.

Austin injini sio mbaya, valvu ziko juu, ni injini ngumu, watu wa zamani waliita malori hayo Bedford ya Birmingham kwa jinsi yalivyofanana na malori ya kampuni ya Bedford. K2 ilitumika pia kama ambulansi ya jeshi, ile maarufu, na hiyo inasaidia kwa sababu watunzaji wa ambulansi ni wengi na vitu vya chini vinashirikiana. Bodi ndio kazi. Bodi la zimamoto lilifungwa na hatma yake baada ya vita ilikuwa mbaya, magari yaliuzwa kwa bei ya kutupa kwa wakulima, wapaka rangi, wauza mboga, mtu akakata nyuma akaweka kitanda cha kubebea nyasi. Kwa hiyo K2 yenye bodi lake la asili la AFS ni nadra kuliko K2 yenyewe. Usidanganyike na ambulansi iliyokatwa ikajengewa bodi jipya halafu ikauzwa kwa jina la zimamoto, uliza picha za zamani, uliza karatasi, angalia matundu ya riveti kwenye chasisi kama yana umri mmoja na bodi.

Yetu sisi tulipoanza kuipiga msasa mlango wa kushoto juu kulikuwa na kijani ya shamba, chini yake bluu hafifu, chini yake nyekundu, halafu ikaja kijivu. Tukaacha mashine tukaendelea kwa mkono na msasa wa maji namba 800, taratibu, dakika kama 40 hivi, na pale kwenye kijivu ikaanza kutokea herufi nyeupe, ukingo wa F kwanza, halafu S. Ile sehemu hatukuipaka rangi, tumeifunika na lakka tu, ipo hivyo mpaka leo upana wa viganja viwili. Watu wakija kwenye maonyesho wanapita kwenye rangi yetu mpya yote nzuri wanaenda kusimama pale.

Mercedes ina faida ambayo wengi hawaijui. Baada ya vita vijiji vingi vya Ujerumani viliendelea kuyatumia magari haya miaka na miaka, na gari la zimamoto la kijiji linafanya nini, linalala ndani pakavu, linatoka kwenye mazoezi na moto wa mara mojamoja. Ndio maana unaweza kukuta LF 8 ya mwaka 1942 ina kilomita chache kuliko gari lako la kazini, viti vya asili, zana zimepangwa kwenye makabati yake. Shida ni mbao. Chini ya bati kuna fremu ya mbao, na yale ya mwishoni mwa vita chuma kilikuwa adimu kwa hiyo mbao na vibao vya kubandika viliongezwa. Bonyeza kizingiti cha mlango kwa kidole gumba na kwa nguvu, ikilegea kama ndizi jua kuna seremala atakula hela yako. Spea za injini zipo ila bei ya Mercedes ya zamani ni bei ya Mercedes.

Kwa gari lolote kati ya hayo, vaa barakoa inayofaa kabla hujaanza kukwangua. Rangi za zamani zina risasi, na breki, gasketi na kamba za kufunga ekzosi za enzi hizo zina asbesto, usipulize vumbi la breki kwa kompresa hata siku moja.

Kuendesha

K2 inafika kilomita 80 kwa saa kwa maandishi, sisi tunakaa 55 hadi 60 na trela nyuma. Gia hazisamehe, unakanyaga klachi mara mbili, kupanda na kushuka, ukishusha gia lazima uipe moto kidogo katikati ndio meno yakubaliane. Wiki ya kwanza mkono unauma na masikio yanauma. Ila siku ukiipata, gari linashuka kilima kwa gia ya pili, injini inaguruma ile sauti nzito na trela inafuata bila kusukuma, huwezi kutaka gari lingine. Trela yetu haina breki, kwa hiyo gia tunaweka juu ya kilima, hatungoji katikati ya mteremko.

Chevrolet ni nyepesi kuendesha kuliko inavyoonekana, breki za maji zenye msaada wa vakyumu, gia 4, na 4x4 yenye gia ya nguvu kwa ajili ya matope. Lakini tangi likiwa limejaa ni gari tofauti, maji yanasukuma kwenye kona. Jaza kabisa au mwaga kabisa, nusu tangi ndio hatari zaidi kwa sababu maji yanapata nafasi ya kukimbia. Mafuta inakula, hesabu ya jeshi ilikuwa galoni 30 za Kimarekani kwa maili 270, yaani karibu kilomita 4 kwa lita, na GMC kubwa ni kilomita 3 na kitu. Usukani uko kushoto, kwa Uingereza kuovateki inataka mtu wa pembeni akuangalizie.

Mercedes ndio laini kuliko zote, ni kama gari dogo lililokua. Mzee wa watu ana farasi 60 tu na watu 9 ndani kilima kinamkuta, ila usukani, breki na kukaa viko vizuri. Kama mgongo wako hauko sawa chukua hiyo.

Mengine mafupi: huku Uingereza tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida ni E10, ile spiriti iliyomo inalainisha mipira ya zamani ya mafuta, badilisha mipira yote na utumie E5, yenye spiriti kidogo zaidi. Na ukizungusha injini kwa hendeli kidole gumba kiwe upande mmoja na vidole vingine, kisizungukie hendeli, ikipiga nyuma inakupokonya tu haikuvunji mkono.

Leseni, kodi na banda

Hapa ndipo ndoto nyingi zinafia kwa hiyo uliza kabla ya kulipa. Uingereza mtu aliyefaulu gari dogo kuanzia tarehe 1 Januari 1997 anaishia kilo 3,500, wa kabla ya hapo ana mpaka 7,500. Malori ya zamani yana misamaha yake yenye masharti, soma masharti kwa gari lako hasa, usichukue maneno ya muuzaji. Gari la zaidi ya miaka 40 unaweza kuliandikisha kama la kihistoria, hulipi kodi ya barabara, na ULEZ, ile tozo ya London kwa magari ya moshi mwingi, hailigusi. Ujerumani ni miaka 30 ndio unapata namba yenye H mwishoni, kodi ni yuro 191.73 kwa mwaka haijalishi injini ina lita ngapi, na unaingia miji yenye katazo la moshi. Mwenye leseni ya zamani ya Kijerumani ya daraja la 3 anafika tani 7.5.

Kengele tunapiga ndani ya uwanja tu. Taa za bluu, kama mtu wa zamani aliziweka, zisiwake barabarani kabisa, funika.

Banda pima na ngazi ikiwa juu ya paa. Sisi tulipima bila ngazi, tukaishi msimu mzima wa baridi tunaishusha na kuipandisha watu wanne. Na banda liwe na joto kidogo au basi umwage pampu kila mara, fungua koki zote za chini, izungushe kwa mkono mara kadhaa mpaka isitoke tone, acha koki wazi na bandika karatasi kwenye usukani imeandikwa KOKI WAZI.

Rangi na historia yake

Hili si la pembeni kwangu. Ukishaegesha gari la aina hii watu watakuuliza, na lazima ujue unasema nini.

K2 inakuletea habari za Blitz, yale mabomu ya ndege za Ujerumani, London ilianza kupigwa kweli Septemba 7, 1940, na usiku wa Desemba 29 mwaka huohuo moto ulizunguka kanisa kuu la St Paul's na mto Thames ulikuwa umekupwa sana, sisi watu wa pwani tunaelewa maji kupwa ni nini, pampu zilikuwa ukingoni na maji yako mbali chini kwenye tope. Pampu inavuta maji kwa mita 7 au 8 tu hivi, zaidi ya hapo hata ukiipigia kelele haileti. Mi huwa nawaonyesha watoto hilo kwa kidumu na mpira mwembamba. Na huwa nawaambia habari za George Roberts, mzaliwa wa Trinidad, alipigana Vita vya Kwanza, Vita vya Pili akaingia zimamoto kituo cha New Cross kusini mwa London na mwaka 1944 akapewa British Empire Medal. Watoto weusi wakisikia hilo wakiwa wamekaa kwenye benchi la K2, uso unabadilika, nimeuona mara nyingi. Rangi iwe kijivu, kingo za madigadi nyeupe kwa sababu ya giza la vita, na taa moja ifunikwe ibaki mwanya mdogo.

Mercedes ina historia nzito na mwenye kuichukua asiikwepe. Zimamoto ya Ujerumani ilifanywa kuwa sehemu ya polisi kwa sheria ya Novemba 23, 1938, magari yakapakwa kijani ya polisi, na wiki mbili tu kabla ya sheria hiyo, usiku wa tarehe 9 kuamkia 10, masinagogi yaliungua nchi nzima na zimamoto iliamriwa ilinde nyumba za jirani tu. Gari lako la 1942 halikuwepo usiku ule, lakini lilizaliwa kwenye utumishi huohuo. Kutoka 1943 rangi ikawa njano ya mchanga ya jeshi. Alama za Kinazi kuzionyesha hadharani Ujerumani ni kosa la jinai, na hata mahali ambapo si kosa mi naomba usiziweke. Weka bango dogo, eleza ukweli. Mwenzetu mmoja mwenye LF 8 ana ukurasa mmoja ameulaminisha anautundika mlangoni, umeandikwa wazi, na watu wanausoma mpaka mwisho. Ukitaka kuona namna ya kuyaeleza magari haya vizuri nenda Fulda, makumbusho ya zimamoto ya Ujerumani yako pale.

Mengine utakayokutana nayo

CMP, malori ya Kanada ya Ford na Chevrolet, pua fupi, kioo kimeinamia mbele. Australia wanayaita Blitz, na baada ya vita vikosi vya vijijini viliyageuza kuwa magari ya kuzima moto wa porini, kwa hiyo ukiwa Australia hilo ndilo chaguo la kwanza, na historia yake ni ya kweli. Kukaa ndani ni mateso, injini iko karibu na goti lako na pedali zimebanana. Kitu cha kuua ni rimu. Ziko za vipande viwili vilivyoshikwa na nati za pembeni, na hizo sio nati za tairi. Ukizifungua tairi ikiwa na upepo rimu inaruka na mtu anakufa. Zipakwe nyekundu, na kabla ya kugusa chochote upepo utoke wote, valvu itolewe kabisa.

Fordson 7V, pampu kubwa ikiwa ndani ya gari lenyewe na V8 ya Ford, nzuri mno kuisikia, ila inachemka. Kwa mtu mwenye uzoefu.

Green Goddess watu wananiuliza sana kwa kuwa zipo nyingi na bei nafuu. Ni gari zuri, Bedford, ila ni la miaka ya 50, la kuogopa vita vya nyuklia, lilionekana barabarani kwenye migomo ya zimamoto ya 1977 na 2002. Ukilinunua lionyeshe kwa historia yake hiyo, inatosha.

Sasa ukiniuliza

Wewe uliyeko Uingereza na una wenzako wawili watatu wa kusaidiana, chukua K2, lakini yenye bodi la asili na pampu yake, ngoja hata miaka miwili uipate. Ukiwa peke yako, hujawahi kushika gari la zamani na unataka kuendesha kila wikiendi ya kiangazi, Chevrolet, na hesabu ya adapta iingize kwenye bei tangu mwanzo. Yule ndugu wa Ujerumani, LF 8 bila kufikiria mara mbili, yuko karibu na spea, hozi ni za pale mtaani, leseni yake ya zamani inatosha, ila anipigie kabla hajaenda kuiona twende wote tukabonyeze mbao.

Na gari lolote utakaloenda kuliona, beba suruali ya kazi, tochi, na umwambie muuzaji mapema kwamba pampu utaijaribu. Funga vifuniko vyote vya pampu, washa, vuta hewa itoke, halafu zima na uangalie mshale wa geji ya vakyumu. Ukitulia pale juu dakika moja hivi, endelea kuongea bei. Ukishuka taratibu, ni pakingi au kifuniko, mnaweza kupatana. Ukianguka papo hapo, lala chini na tochi utafute ufa kwenye bodi ya pampu, anza sehemu ya chini kabisa ambako maji hubaki.